Waranti ya Vani ya Mayai

Walinipigia simu wakimtaka mke wangu aje kusaini karatasi.

Mke wangu nilishamzika.

Ndiyo, umesoma vizuri. Na waliopiga walijua nimemzika, maana cheti cha kifo nilikipeleka mwenyewe kwenye kaunta ya kampuni yao ya magari, gari lilipobadilishwa jina. Wakakipiga picha, wakasema "pole sana mzee", wakaniuliza kama nitakunywa kahawa.

Naandika hapa nikiwa bado na hasira, na asiniambie mtu nipoe. Nikipoa nitasahau vitu.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Niko nyuma ya vani napanga trei za mayai. Simu ikalia, sauti ya binti, tamu kama ametoka kulamba asali.

"Habari ya asubuhi. Naomba kuongea na mama mwenye gari."

"Hayupo."

"Atarudi saa ngapi?"

"Harudi."

"Basi nimpigie kesho?"

"Mpigie. Ukimpata mwambie na mimi namtafuta."

Nikasikia anabofyabofya kompyuta.

"Jamani, pole sana baba. Samahani. Sasa wewe unaweza kuja? Waranti ya gari lenu inaisha Ijumaa, na tuna mpango mzuri wa kuendelea kulitunza."

Mmeona hapo? Siku ambayo waranti yao inakufa wanaijua. Siku ambayo mke wangu alikufa hawana habari nayo.

Nikamwambia nakuja. Na nilienda.

Lakini kwanza muelewe hilo gari.

Sisi ni watu wa mayai. Tunachukua kwa wafugaji, tunasambaza madukani na kwenye migahawa. Biashara aliianzisha mke wangu, mimi nilikuwa mbebaji tu. Magari ya mtumba yalitutesa mpaka tukawajua mafundi wa barabara nzima kwa sauti za kikohozi chao. Siku moja mama, yaani mke wangu, akasema imetosha, tunanunua jipya, tena la kampuni, lenye waranti.

"La nini jipya?" nikamuuliza. "Mayai yanajua kama gari ni jipya?"

"Nataka kitu ambacho kikiharibika kuna mtu wa kumuuliza," akasema.

Tukajinyima mpaka tukalipata. Vani nyeupe, viti bado vina nailoni. Mama alikataa kuitoa ile nailoni mwaka mzima, tukawa tunakaa tunateleza kama samaki.

Halafu akaumwa. Sitaelezea sana. Tulifika hospitali, tukaambiwa daktari yuko kikaoni, tusubiri. Tukasubiri. Kikao kilipoisha, mke wangu naye alikuwa ameisha. Nikauliza kikao kilikuwa cha nini. Wakaniambia kilikuwa cha kuboresha huduma.

Basi. Tuendelee na gari.

Vani ilianza kunguruma kwenye gia ya pili. Inanguruma, halafu inashtuka, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Sasa fikiria uko na mayai nyuma. Kila nikitoka kwenye taa za barabarani nasikia *kra*. Nikifika dukani, trei ya chini inachuruzika. Wenye migahawa wakaanza kunitania, eti mzee siku hizi unaleta mayai yakiwa yameshapigwa, bado kitunguu tu.

Wateja wawili wakubwa wakaniacha. Hawakugombana na mimi, waliacha tu kupokea simu.

Nikapeleka gari kampuni. Wakasema ni kawaida. Nikarudi tena. Wakasema ni namna ninavyokanyaga klachi. Mimi! Nimeanza kuendesha huyo anayenieleza hajaota meno. Mara ya tatu nikawaka, wakalipokea, likalala kwao siku kadhaa. Wakanirudishia na tabasamu: "Tumefungua giaboksi, tumeweka beringi mpya, orijino kutoka kiwandani."

Likatulia kidogo. Halafu likaanza tena kunguruma, safari hii kwa nguvu mpya.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipoingia pale Jumatano.

Mnaijua sehemu yenyewe. Sakafu unajiona uso. Makochi meupe. Ukuta mkubwa wa kioo, kuonyesha kwamba hawafichi kitu, lakini kioo chenyewe kinaishia kwenye sehemu ya kuoshea magari. Karakana yenyewe iko nyuma ya mlango wa chuma, na mlango umeandikwa kwa herufi nyekundu: MTEJA HARUHUSIWI KUPITA HAPA.

Akanipokea kijana mmoja amevaa tai ndefu mpaka inamgusa mkanda. Tumwite Tai.

"Karibu mzee wangu. Huu mpango wetu tunauita Lala Usingizi. Ukishalipia, wewe ni kulala tu."

"Mwanangu, mimi ni mgane. Usingizi ulishanihama kabla ya waranti."

Akacheka vibaya, hakujua kama acheke.

"Mpango wenu unashika giaboksi? Yaani unalipia?" nikauliza.

"Unashika kila kitu kinachozunguka, mzee."

"Hata hii inayonguruma sasa hivi?"

Akavuta tai. "Hapana. Unashika tatizo litakaloanza baada ya kusaini. Lililoanza kabla linahesabiwa la zamani."

"La zamani basi lishughulikieni chini ya waranti. Bado iko hai."

"Lakini mzee, kwenye kompyuta inaonyesha gari lako halina tatizo. Lilitengenezwa likapona."

Nikamwangalia. Yeye akaangalia kompyuta. Nikamwelewa vizuri: mpaka Ijumaa gari ni zima. Kuanzia Jumamosi gari lina ugonjwa wa zamani. Waranti haitibu na mpango hautibu, ila pesa yangu wanaipokea wakati wowote.

"Twende ukaendeshe usikie mwenyewe."

"Mafundi wamejaa mpaka wiki ijayo, mzee."

"Wiki ijayo waranti imekwisha!"

"Ndiyo maana tunakushauri usaini mpango." Halafu akainama, akapunguza sauti kama ananifanyia hisani. "Na tafadhali usilipeleke kwa fundi wa nje. Akigusa hata nati moja, waranti imekufa hapohapo."

Nikaondoka bila kusaini.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kile ambacho mtu yeyote wa mtaani kwetu angefanya.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ni fundi wa magiaboksi. Jina lake la kazi ni Spana. Gereji yake ni uwanja wenye shimo moja, paa la mabati na redio isiyozimwa. Hapo hakuna kahawa wala kioo. Unachuchumaa pembeni ya fundi, unashika tochi, unaona kila nati inavyotoka. Mafundi wote wa mtaani tumewazoea hivyo. Mpaka fundi anakufukuza kwa sababu unamkalia kwenye mwanga.

Alikuwa hajawahi kuigusa ile vani. Mama alimkataza: "Kaka, hii ina wenyewe." Spana alinuna wiki nzima.

"Leo mmewakumbuka maskini," akasema aliponiona. "Vipi, wenye tai wamekushinda?"

"Shemeji, endesha usikie."

Akaendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Akashuka anatikisa kichwa.

"Beringi hiyo. Imekula na jirani zake. Ukiendelea hivi, utakuja kubeba hiyo giaboksi vipandevipande kwenye trei ya mayai."

"Walisema wameweka mpya."

"Mpya hailii hivyo, shemeji."

"Fungua."

Akaruka nyuma. "Wewe! Waranti je?"

"Fungua tuone, halafu funga kama ulivyoikuta. Nani atajua? Nikijua kilichomo ndani, Ijumaa nawaambia fungueni, badilisheni hiki na hiki, na hawanidanganyi tena."

Tuliona ni akili kweli. Kufungua na kufunga bila mtu kujua, mtaani ni kazi ya kila siku.

Kesho yake tukaingiza gari juu ya shimo. Kufikia mchana giaboksi iko chini kwenye turubai. Spana anaimba na redio, ananitukania kitambi, mimi nimechuchumaa na tochi yangu. Akafungua nati za kifuniko, akakigonga taratibu, kikaachia.

Kati ya chuma na chuma huwa kunakaa gasketi, kile kikaratasi kigumu kinachozuia oili isivuje. Cha kiwandani kina rangi ya kijivu, kimekatwa na mashine. Hiki kilikuwa kimekatwa kwa mkono, kutoka kwenye boksi la viatu. Bado kina nusu ya picha ya kiatu cha mtoto, bluu, na kamba zake.

Nikacheka kwa hasira. "Orijino kutoka kiwandani! Hebu ona, mpaka na kiatu!"

Spana hakucheka.

Aliacha kuimba. Akazima redio, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akashika kile kikaratasi kwa vidole viwili, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Shemeji, kaa chini."

"Nimechuchumaa tayari."

"Kaa chini kabisa."

Nikakaa juu ya tairi.

"Hiki nimekata mimi."

Sikuelewa. Nikadhani anatania.

"Viatu vya mwanangu wa mwisho," akasema. "Boksi lake hili. Nimelikata kwa mkasi wangu, hapa hapa ulipokaa."

"Lakini hujawahi kuigusa vani!"

"Vani sijaigusa. Wananiletea giaboksi tu. Ndani ya gunia. Pikapu yao inayashusha hapa, natengeneza, narudisha kwa mlango wa nyuma. Miaka miwili sasa, shemeji. Mafundi wao wa magiaboksi walishawapunguza siku nyingi. Mimi ndiye karakana yao."



"Na beringi mpya?"

Akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, na mikono ilikuwa haina kitu.

"Beringi wananiletea wao. Ile ilikuwa imetumika. Niliwaambia haitafika mbali. Mkuu wa karakana akaniambia haina haja ya kufika mbali, ifike tu mwisho wa waranti."

Nilimkamata kola. Sitadanganya, nilitaka kumtwanga, na nina umri huu.

"Gari la dada yako!"

"Sikujua!" Alikuwa analia, dume zima. "Giaboksi haina jina shemeji! Inakuja kwenye gunia! Ningejuaje?"

"Kwa hiyo ingekuwa ya dada wa mtu mwingine ni sawa?"

Nikamwachia.

"Kesho twende wote," nikamwambia. "Useme ulichoniambia mimi."

Akatazama gereji yake, shimo lake, mabati yake. "Wale ndio wanaonilisha. Nikisema, nimejifungia riziki mwenyewe. Nina watoto, shemeji."

"Na dada yako alikuwa na nini? Mbuzi?"

Tukafunga giaboksi. Nikakitia kile kikaratasi cha kiatu mfukoni, yeye akaweka kipya. Niliondoka bila kuaga.

Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho, nikawa mtu wa kwanza kwenye kaunta. Safari hii sikutaka Tai, nikamtaka Meneja. Nikapiga kelele mpaka akatoka, mtu wa marashi, viatu vinang'aa kuliko sakafu.

"Tatizo ni nini, mzee?"

Nikatoa kikaratasi, nikakipiga juu ya kaunta. "Hii ndiyo gasketi yenu ya kiwandani? Viatu vya watoto?"

Akakiangalia. Hata hakushtuka. Akatabasamu, na lile tabasamu sitalisahau.

"Umekitoa wapi, mzee?"

"Ndani ya giaboksi!"

"Kwa hiyo gari limefunguliwa nje."

Jamani! Nilikuwa nimebeba ushahidi wangu mwenyewe mpaka mezani kwa hakimu wangu.

"Masharti yako wazi," akasema. "Waranti imekwisha kuanzia ulipofungua. Kijana, mwandikie mzee hapo. Na mpango wa Lala Usingizi pia hatuwezi kumpa tena."

Akageuka aondoke. Yaani kwake nilikuwa nimeshakwisha.

Kitu kikakatika ndani yangu. Nikageukia makochi meupe. Kulikuwa na watu kadhaa wanasubiri, kila mtu na kikombe chake.

"Ninyi! Magari yenu yako wapi?"

Wakanitazama kama chizi.

"Nawauliza kistaarabu. Nani ameliona gari lake linatengenezwa? Nani ameiona spea ya zamani ikitolewa? Mnapewa kahawa mnafumbwa macho! Fundi wao yuko mtaani kwetu, ana shimo moja na redio!"

"Mlinzi!" Meneja akaita.

"Baba, kaa upoe," akasema mama mmoja mkunga, bado yuko na sare yake ya kazi. "Langu wako kwenye kufunga, wamesema dakika chache tu. Giaboksi yangu imetengenezwa humu humu."

"Umeiona?"

"Nimeambiwa."

"Na mimi niliambiwa!"

Mlinzi ameshanishika mkono. Ananivuta kwa adabu, lakini ananivuta. Nikasema basi, ndiyo nimekwisha, natolewa nje kama mlevi, na kesho sina waranti, sina giaboksi, sina mteja.

Ndipo mlango mkubwa wa mbele ukafunguka.

Akaingia Spana. Ovaroli nyeusi ya oili, kandambili miguuni, na gunia begani. Ile sakafu ya kujitazamia uso akaipaka alama za miguu kutoka mlangoni mpaka kwenye kaunta. Akashusha gunia juu ya meza ya Tai. *Tii!* Oili ikaanza kutambaa kuelekea kwenye karatasi za Lala Usingizi.

"Wewe! Mlango wako ni wa nyuma!" Mkuu wa karakana alikuwa ametokea kwenye mlango wa chuma, na hayo maneno yalimtoka kabla hajafikiri.

Ukumbi wote ukamsikia.

"Leo nimepita mbele," Spana akasema. "Naomba kuuliza. Kuna mtu hapa anasubiri giaboksi? Nimeambiwa niiwahishe, mwenyewe yuko kwenye kochi."

Mama mkunga akasimama polepole. Akaweka kikombe chini. Hakumwuliza mtu ruhusa, alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango wenye maandishi mekundu, akausukuma, na sisi wote nyuma yake.

Gari lake lilikuwa limeinuliwa juu. Katikati pale, mahali pa giaboksi, kuna shimo. Pembeni fundi mmoja amekaa kwenye ndoo anakula mkate, anasubiri gunia.

"Wako kwenye kufunga, siyo?" mama mkunga akasema. Alisema taratibu, lakini hata mimi niliogopa.

Simu zikatoka mifukoni. Kila mtu anapiga picha. Kila mtu anataka kuliona la kwake.

Meneja akanivuta pembeni, ofisini kwake. Ghafla nikawa "baba yangu". Akatoa ile karatasi ya mpango, akaandika mwenyewe kwa kalamu yake: bure, miaka yote wanayoweza kutoa. Kuna sehemu moja tu ya kusaini, na juu yake mstari mmoja, kwamba sitazungumzia jambo hili popote.

Nawaambia ukweli, niliishika kalamu. Mtu wa mayai, nimechoka, gari bovu, wateja wamekimbia. Matengenezo ya bure miaka yote hiyo si kitu cha kutemea mate.

Halafu nikajiuliza: matengenezo ya bure, na nani? Nyuma ya mlango gani?

"Sitaki mpango wako," nikamwambia. "Nataka giaboksi mpya kwenye boksi lake, leo, waranti ikiwa bado hai. Na nitasimama pale pale inapofungwa."

"Wateja hawaruhusiwi..."

"Basi nikawaambie wale wa nje waanze kuandika barua za malalamiko?"

Nilisimama karakana mpaka jua linazama. Nimeshika tochi ambayo hakuna aliyenipa. Giaboksi mpya nikaifungua boksi mwenyewe. Kila nati niliiona. Fundi wao akalalamika namkalia kwenye mwanga, nikajisikia niko nyumbani.

Wakati nasubiri nikamfuata Spana, amekaa nje ukutani.

"Ulisema hutakuja."

"Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Nilikuwa naipeleka nyuma kama siku zote. Nikakuona kupitia ule ukuta wa kioo unapayuka peke yako, mlinzi anakuvuta. Nikamkumbuka dada. Angenichinja."

Kazi ya kampuni aliipoteza siku hiyo hiyo. Mimi na yeye bado hatujakaa sawa, sitaki kudanganya. Lakini vani ikipata homa, ni kwake napeleka, na nachuchumaa.

Sasa mtaniuliza, je, wale waliadhibiwa?

Aliyefukuzwa ni Tai. Kijana wa watu, hajui hata giaboksi inakaa upande gani wa gari, kazi yake ilikuwa kusoma kompyuta na kuvuta tai. Walimtoa na sanduku lake mbele ya wateja, wakasema wamechukua hatua.

Mkuu wa karakana alipewa likizo.

Na Meneja? Wiki iliyopita nilipeleka mayai kwenye mgahawa karibu na makao makuu yao, nikamkuta anakula. Beji kifuani, mpya. Amepandishwa. Sasa anasimamia huduma za matawi yote. Akanipungia mkono, akaniita baba yangu, akaniuliza biashara inaendaje.

Ndugu zangu mnaosoma, waranti yako ikikaribia kuisha watakupigia simu, na sauti itakuwa tamu. Usisaini kitu kwanza. Peleka gari likaguliwe lote wakati waranti bado inapumua, kila ugonjwa uandikwe, upewe nakala. Usilifungue kwa fundi wa nje hata kama ni shemeji yako, mimi niliokolewa na mtu aliyekosea mlango kwa makusudi. Spea wakibadilisha, dai ile ya zamani uishike mkononi. Mpango wa kuongeza uamue baada ya hapo, ukiwa umeshajua kilichomo ndani.

Na ukikuta mlango umeandikwa mteja haruhusiwi, jua gari lako huenda hata humo halimo. Usukume.